Redio ya biashara: Wasikilizaji tele, mlipaji ndiye kitendawili

JUNI 2024 ilitoa funzo ambalo wakuu wa vyombo vya habari nchini hawajalitafakari vya kutosha. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, waraka uliosheheni vifungu vya sheria na viwango vya ushuru, uligeuka kuwa mjadala mkuu katika matatu, vibanda vya chakula na mabweni ya vyuo vikuu. Vijana waliufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha za kiasili, wakasambaza maelezo yao kwenye mitandao ya kijamii, na maelfu ya watu wakakesha wakisikiliza ufafanuzi kuhusu ushuru wa mkate, mafuta ya kupikia na magari. Rais William Ruto alipotangaza mnamo Juni 26 kwamba hangeutia sahihi mswada huo, tayari damu ilikuwa imemwagika barabarani. Wakenya wengi nao walikuwa wamejifunza mengi zaidi kuhusu bajeti ya taifa lao katika wiki chache kuliko katika miaka mingi iliyotangulia.

Kwa muda mrefu wenye vituo vya redio wameshikilia kwamba habari za uchumi humchosha msikilizaji. Imani hiyo ndiyo iliyofanya asubuhi za Kenya zitawaliwe na muziki, vichekesho, siasa na visa vya mapenzi. Biashara hutengewa dakika chache tu baada ya taarifa ya habari: thamani ya dola, kupanda na kushuka kwa hisa, kisha muziki unarejea. Miongoni mwa vituo vinavyoongoza kwa idadi ya wasikilizaji, hakuna hata kimoja kinachojitambulisha kuwa redio ya biashara.

Je, kituo cha mazungumzo kinachoshughulikia biashara kutwa kucha kinaweza kustawi humu nchini? Dalili zote zaonyesha kwamba wasikilizaji wapo, tena kwa mamilioni. Watangazaji wenye ujuzi nao hawakosekani. Kikwazo ni swali la nani atakayegharimia kituo hicho, kwa kuwa wengi wa wenye uwezo wa kulipa ndio wale wale ambao redio ya aina hiyo inapaswa kuwahoji.

Soko lipo

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 57 ya familia nchini zilikuwa na redio, ilhali zilizokuwa na televisheni inayofanya kazi zilikuwa takriban asilimia 41. Hesabu hiyo ni ya vifaa vya redio vyenyewe, kabla ya kutaja redio zilizomo ndani ya simu na magari. Fundi hufanya kazi huku akisikiliza, na mkulima huenda nayo shambani. Hakuna chombo kingine cha habari kinachomfuata mwananchi wa kawaida hadi mahali pake pa kazi kwa gharama ndogo kama hiyo.

Msikilizaji huyo, kwa sehemu kubwa, ni mfanyabiashara. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu walio kazini wamo katika sekta isiyo rasmi, maarufu kama jua kali. Mwaka 2024, kati ya nafasi mpya za kazi zipatazo 782,000, tisa kati ya kila 10 zilipatikana katika sekta hiyo. Hawa ni mafundi wa magari, washonaji wa Gikomba, wachuuzi wa samaki wa Kisumu na waendeshaji bodaboda wa Kisauni. Kila siku huamua iwapo watakopa, watanunua bidhaa kiasi gani na watauza kwa bei ipi. Maamuzi hayo ni ya biashara sawa na yale ya mkurugenzi wa kampuni iliyosajiliwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ila mkurugenzi ana washauri, na mchuuzi ana uvumi wa sokoni.

Utafiti wa FinAccess, ambao hufanywa na Benki Kuu ya Kenya kwa ushirikiano na wadau wengine, unaeleza hali hiyo kwa tarakimu. Mwaka 2006, ni asilimia 26.7 pekee ya watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za kifedha. Kufikia 2024, kiwango hicho kilikuwa kimefika asilimia 84.8, hasa kutokana na M-Pesa iliyozinduliwa mwaka 2007. Hata hivyo, utafiti huo wa 2024 ulibainisha kwamba ni asilimia 18.3 pekee ya watu wazima waliokuwa na afya njema ya kifedha, yaani wanaoweza kumudu matumizi ya kila siku, kuhimili dharura na kuweka akiba ya kesho.

Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ni kubwa mno. Bila shaka redio pekee haiwezi kuliziba, kwa sababu mapato duni hayaongezwi kwa maneno. Lakini mtu anayekopeshwa kwa simu pasipo kujua riba ya mwaka mzima ni kiasi gani, au anayenunua kipande cha ardhi kwa kutegemea picha na tabasamu la muuzaji, hakosi fedha tu. Anakosa habari pia.

Gharama ya kutojua

Historia ya karibu inaonyesha kwamba kutojua kumewagharimu Wakenya mabilioni. Serikali ilipouza hisa za KenGen mwaka 2006 kwa Sh11.90 kila moja, bei yake ilipanda zaidi ya maradufu pindi zilipoingia sokoni. Umma ukaamini kwamba hisa hupanda tu. Miaka miwili baadaye, hisa bilioni 10 za Safaricom zilipouzwa kwa Sh5 kila moja, zaidi ya watu 800,000 waliziomba, baadhi yao kwa mikopo ya benki. Bei ilipanda kidogo mwanzoni, kisha kabla ya mwaka kwisha ikashuka chini ya Sh5.

Waliokopa waliuza kwa hasara. Waliokuwa na subira waliona bei hiyo ikipita Sh40 mwaka 2021, na waliodhani haitashuka tena wakaiona ikirudi chini ya Sh15 mwaka 2023. Hakuna lolote katika mkondo huo lililokuwa siri. Lilihitaji tu kuelezwa siku baada ya siku, kwa lugha inayoeleweka, kwa mtu aliyenunua hisa 500 na si kwa meneja wa hazina ya pensheni. Mwaka huo huo wa 2008, kampuni ya udalali wa hisa ya Nyaga iliporomoka na kuwekwa chini ya usimamizi maalumu. Maelfu ya wawekezaji wadogo waligundua wakati huo ndipo kwamba dalali wa hisa naye huweza kufilisika.

Mambo yalikuwa mabaya zaidi katika miradi ya upatu. Jopokazi lililoongozwa na Francis Nyenze liliripoti mwaka 2009 kwamba zaidi ya Wakenya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya Sh8 bilioni katika miradi hiyo, mingi ikiwa imeenezwa na marafiki, jamaa na waumini wenza. Ahadi ya kuzidisha fedha maradufu ndani ya wiki chache ingeweza kuumbuliwa na mtangazaji yeyote mwenye kikokotoo na nusu saa ya hewani.

Si visa vya zamani pekee. Mapema 2025, ripoti ya ukaguzi ilifichua kwamba takriban Sh13.3 bilioni hazikujulikana zilivyotumika katika KUSCCO, muungano wa kitaifa wa vyama vya akiba na mikopo. Fedha hizo zilitoka kwa SACCO, na SACCO ni akiba ya walimu, askari polisi, wakulima wa majani chai na wenye matatu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika sakata hii daftari lilikuwepo kwa miaka mingi, ila hakukuwa na aliyelisomea umma kwa sauti.

Yaliyojaribiwa ng'ambo

Wazo la redio ya biashara si geni duniani, na matokeo yake yametofautiana. Nchini Marekani, Michael Bloomberg alinunua kituo cha WNEW cha New York mwaka 1992 kwa dola milioni 13.5 na kukigeuza kuwa redio ya habari za biashara. Kituo hicho kingali hewani. Hata hivyo, hakijawahi kulazimika kujilisha chenyewe. Kampuni yake mama hupata fedha nyingi kwa kuwauzia benki na madalali wa dunia nzima mitambo ya takwimu za masoko. Redio ni mbiu yake, na mbiu haitarajiwi kuleta faida.

Nchini Malaysia, kituo cha BFM 89.9 kilianza kurusha matangazo jijini Kuala Lumpur mwaka 2008, wakati mabenki ya Marekani na Ulaya yalipokuwa yakiyumba. Chenyewe hakikuwa na kampuni tajiri ya kukibeba. Kiliwalenga mameneja, wanasheria na wenye kampuni wanaozungumza Kiingereza na kukaa ndani ya magari yao kwa saa nyingi katika msongamano. Hao si wengi, lakini wana fedha, na makampuni yako radhi kulipa ili kuwafikia.

Uingereza ilijaribu njia ya tatu. Share Radio ilianzishwa jijini London mwaka 2014 kwa nia ya kumweleza raia wa kawaida mambo ya akiba, pensheni, mikopo na hisa. Mwasisi wake, Gavin Oldham, alikuwa mtu wa biashara ya hisa na alilifahamu soko hilo barabara. Kufikia 2017, kituo hicho kilikuwa kimeachana na matangazo ya moja kwa moja na kubakia na vipindi vilivyorekodiwa vya kusikilizwa kwenye intaneti. Ikiwa London, mojawapo ya ngome kuu za fedha duniani, haikuweza kukiweka hewani kituo hicho, wadau wa Nairobi hawana budi kujiuliza kwa nini.

Ukiilinganisha mifano hii mitatu, kinachojitokeza ni hiki: kituo cha kwanza kilisimama kwa sababu kina mzazi tajiri, na cha pili kwa sababu kina wasikilizaji matajiri. Kilichotetereka ni kile kilichomlenga mtu wa kawaida. Kinaya ni kwamba Kenya inahitaji hicho cha tatu kuliko vile viwili vya kwanza.

Uzoefu wa nyumbani

Soko la redio humu nchini ni gumu hata kwa wenye misuli. Kuanzia Capital FM ilipoingia hewani mwaka 1996 na kuvunja ukiritimba wa KBC, vituo vimeongezeka hadi vikawa vinang'ang'ania fungu lile lile la matangazo ya biashara. Juni 2016, Shirika la Habari la Nation lilitangaza kuvifunga vituo vyake vya QFM na Nation FM pamoja na KFM ya Rwanda, ingawa Nation FM ilirejea hewani baadaye. Kampuni hiyo ilikuwa na gazeti la biashara la kila siku, Business Daily, tangu 2007. Kwa hivyo, kuwa na wanahabari wanaoifahamu biashara hakutoshi kuiokoa redio.

Aidha, redio ya mazungumzo hugharimu zaidi ya redio ya muziki. Kituo cha muziki kinaweza kuendeshwa na watangazaji wachache na kompyuta iliyojaa nyimbo. Kituo cha biashara kinahitaji watafiti wanaoweza kusoma taarifa za hesabu za kampuni, wanahabari wa masokoni na mipakani, na wahariri wanaotambua pale ambapo mgeni studioni anapamba ukweli. Kosa moja kuhusu bei au afya ya benki linaweza kumtia msikilizaji hasarani na kukifikisha kituo mahakamani.

Hata hivyo, yapo yanayotia moyo. Katika eneo la Magharibi, soko la mazao la KACE lilishirikiana na kituo cha West FM cha Bungoma kurusha kipindi cha Soko Hewani. Wakulima walitangaza mazao waliyokuwa nayo, wanunuzi wakatangaza walichokitaka, na bei zikasikika na wote. Mkulima wa mahindi aliyezoea kukubali bei ya dalali anayefika na lori langoni alipata kipimo cha kulinganishia. Kipindi hicho hakikuwa mahojiano ya wakurugenzi wenye suti. Kilikuwa soko lenyewe, ila limehamia hewani.

Vilevile, umaarufu wa vipindi kama Patanisho cha Radio Jambo umethibitisha kwamba Wakenya hupenda kuyasikiliza mazungumzo ya watu halisi wenye shida halisi. Mume na mke wanaogombana hewani mara nyingi hawakosi kutaja deni, karo au mshahara usiojulikana ulikokwenda. Hadithi za fedha zimo tayari ndani ya redio ya Kenya. Kinachokosekana ni mtu wa kuzifuata hadi kwenye shina lake.

Anayelipa na anayehojiwa

Hapa ndipo kitendawili kinapotegwa. Matangazo makubwa ya redio nchini hutoka kwa benki, kampuni za simu, kampuni za bima, wauzaji wa ardhi, kampuni za kamari na serikali. Ukiondoa hao, hubaki kidogo. Lakini hao ndio ambao mkopaji, mkulima na mnunuzi wa ploti wanataka kuulizwa maswali.

Chukua mfano wa riba. Katikati ya 2024, kiwango cha msingi cha riba cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13. Kilianza kupunguzwa Agosti mwaka huo, na kufikia mwisho wa 2025 kilikuwa chini ya asilimia 10. Benki za kibiashara zilichelewa kumpunguzia mkopaji, hata Benki Kuu ikazionya mapema 2025 kwamba zingeadhibiwa. Kwa redio ya biashara iliyo huru, hiyo ni habari ya kila asubuhi kwa miezi kadhaa: benki gani imepunguza, ipi imekaidi, na mwenye mkopo wa Sh500,000 anapoteza kiasi gani kila mwezi. Kwa redio ambayo kipindi chake cha asubuhi kimedhaminiwa na benki, hiyo ni habari ya dakika moja. Mkono usioweza kuukata, ubusu, na mameneja wengi wa vituo wameukubali ushauri huo bila hata kuambiwa.

Kamari ni mtihani mkubwa zaidi. Kwa miaka kadhaa, michezo ya kubahatisha imekuwa tegemeo la mapato ya vituo vingi, hadi saa kadhaa za siku zikageuka kuwa mnada wa bahati. Aprili 2025, Bodi ya Kudhibiti Kamari ilisimamisha matangazo hayo kwa siku 30, na Agosti mwaka huo sheria mpya ya kudhibiti kamari ikatiwa sahihi. Kituo kinachomhimiza mwendeshaji bodaboda kuweka akiba ya Sh100 kwa siku, kisha baada ya dakika tano kikamwalika aicheze kamari Sh100 hiyo hiyo, hakiwezi kuaminiwa. Kituo cha biashara kinachojiheshimu kingelazimika kuyakataa matangazo hayo kuanzia siku ya kwanza, wakati ambapo kingeyahitaji zaidi.

Serikali nayo si mlipaji wa kutegemewa. Wenye vyombo vya habari wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu madeni ya matangazo yasiyolipwa. Machi 2024, idara ya utangazaji iliagiza matangazo ya wizara na mashirika ya umma yapelekwe KBC pekee, agizo lililoishia mahakamani. Redio itakayochambua bajeti, deni la taifa na zabuni za umma bila woga haiwezi kuutegemea mfuko unaofungwa na kufunguliwa kwa barua moja.

Kwa hivyo, hofu kwamba redio ya biashara itakosa wasikilizaji ni hofu isiyo na msingi mkubwa. Hofu ya kweli ni kwamba itawapata wasikilizaji, kisha iwauze. Itaitwa redio ya biashara, lakini itakuwa ubao wa matangazo wenye sauti, ambako kila mgeni ni mtaalamu, kila ploti ina hati miliki na kila mkopo ni wa kuinua maisha.

Njia zilizopo

Si kwamba hakuna matumaini. Njia ya kwanza ni ya lugha. Kituo kitakachotumia Kiingereza kitaifuata BFM na kuwagombea mameneja wa Nairobi, ambao tayari wana magazeti, televisheni za kimataifa na vipindi vya mazungumzo kwenye Spice FM na kwingineko. Kundi hilo ni dogo na limezingirwa. Kiswahili ndicho kinachofungua mlango wa Gikomba, Kongowea, Kibuye na Marikiti. Kazi itakuwepo ya kutafuta maneno. Hatifungani, mgao wa faida, riba juu ya riba na dhamana ni msamiati ambao wengi wameusikia bila kufafanuliwa. Lakini kazi hiyo ndiyo huduma yenyewe.

Isitoshe, Kiswahili hakikomei mpakani. Julai 2025, Tanzania ilipopiga marufuku raia wa kigeni kufanya aina 15 za biashara ndogondogo, wafanyabiashara wa Kenya walihitaji kujua ni kazi zipi hasa zilizotajwa, nani anaathirika na mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki unasema nini. Vitunguu, mahindi, mchele na machungwa huvuka Namanga, Taveta na Lungalunga kila siku. Kituo kinachoeleza bei za pande zote mbili kwa lugha moja kingekuwa na soko ambalo hakuna gazeti la Kiingereza linaloweza kulifikia.

Njia ya pili ni ya ratiba. Mitaani husemwa kwamba biashara ni asubuhi na jioni mahesabu, na kituo kingefaa kuifuata kanuni hiyo. Masoko ya jumla hufunguliwa kabla ya mapambazuko; hapo ndipo bei za nyanya, viazi na sukumawiki zinapohitajika, wala si saa tatu baada ya mchuuzi kuondoka. Jioni ni wakati wa mikopo, ushuru na malalamiko ya wateja. Katikati ya mchana, fundi na dereva wanaweza kusikiliza simulizi za waliofaulu na, muhimu zaidi, za waliofilisika na sababu zao.

Njia ya tatu, iliyo ngumu zaidi, ni ya fedha. Badala ya wadhamini watano wakubwa, kituo kinahitaji walipaji wadogo wengi: wauzaji wa pembejeo, vyuo vya ufundi, viwanda vidogo, wasafirishaji, wenye maghala na wafanyabiashara wanaotaka kutangaza bidhaa zao kwa mamia ya shilingi, si kwa mamilioni. Teknolojia ya kupokea malipo madogo kwa simu imekuwepo tangu 2007, na Wakenya wamezoea kuchangia harusi, matibabu na mazishi kwa njia hiyo. Msikilizaji anayelipa Sh20 kwa mwezi ili kuwa mwanachama ana haki ya kukiuliza kituo maswali, na kituo kina sababu ya kumwogopa yeye badala ya benki.

Kuna wanaopendekeza kwamba SACCO zikimiliki kituo cha aina hiyo kwa pamoja. Zina zaidi ya wanachama milioni sita, na maslahi yao ndiyo maslahi ya wasikilizaji. Pendekezo hilo lina uzito, lakini yaliyotokea KUSCCO yanaonyesha kwamba viongozi wa vyama vya ushirika nao wanastahili kuhojiwa. Mmiliki yeyote atakayepatikana, ulinzi ni ule ule: asiwepo mlipaji mmoja mwenye sehemu kubwa kiasi cha kukiangusha kituo akijiondoa, na kila saa iliyonunuliwa itangazwe hewani kuwa imenunuliwa, pamoja na jina la aliyeinunua.

Masafa na subira

Hata fedha zikipatikana, kuna ukuta mwingine. Kwa miaka mingi Mamlaka ya Mawasiliano imesema kwamba masafa ya FM jijini Nairobi yamejaa. Anayetaka kuanza leo hana budi kununua kituo kilichopo, kuanzia mjini kwingine au kutegemea intaneti. Njia ya intaneti ni nafuu kwa mwenye kituo lakini ni ghali kwa msikilizaji, ambaye hulipia kila dakika ya data ilhali FM ni ya bure.

Kwa sababu hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba redio ya kwanza ya biashara yenye nguvu itazaliwa ndani ya shirika kubwa la habari litakaloamua kugeuza kituo chake kinachosuasua. Hilo lina faida ya masafa na mitambo, lakini kituo kitarithi pia wadhamini wa shirika zima na woga wake wote. Njia ya busara zaidi ni kuanza kwa saa tatu za kila siku katika kituo cha Kiswahili kilichopo, kuwajenga wasikilizaji na walipaji wadogo kwa mwaka mmoja au miwili, kisha kupanua. Share Radio ilianza na siku nzima ikaishia na rekodi. Kuanza kidogo kungeepusha gharama ya aina hiyo.

Mafanikio ya kituo cha namna hii hayatapimwa na idadi ya wakurugenzi waliopita studioni wala ubora wa muziki wa utangulizi. Yatapimwa asubuhi ile ambayo mdhamini wake mkubwa atakuwa ndiye habari yenyewe: benki iliyokataa kushusha riba, kampuni ya ardhi iliyouza ploti moja mara tatu, au SACCO iliyoshindwa kurudisha akiba za wanachama. Siku hiyo mchuuzi wa Gikomba atakuwa amefungua redio kama kawaida yake. Akisikia jina likitajwa na maswali yakiulizwa, ataiacha redio hiyo hapo hapo ilipo kwa miaka mingi. Akisikia wimbo, ataitafuta stesheni nyingine, na kwa muziki vituo ni vingi.